Pazia Katikati ya Meza

Mtu akikuambia anajua kupanga nyumba, muulize kama amewahi kuniona mimi nikipanga. Mimi nikishaweka kitu mahali pake, kimekaa. Hakihamishwi. Tangu nifike Minnesota miaka miwili iliyopita nimepanga sebule ya pasta wetu, nimepanga chumba cha wasichana wawili wa kwaya, nimepanga hata stoo ya pale ninapofanya kazi ya kuhudumia wazee, na hakuna aliyewahi kusogeza hata stuli baada yangu. Hilo nalisema mapema ili ujue kwamba yaliyotokea Jumapili ile hayakutokana na upangaji. Upangaji ulikuwa safi. Watu ndio hawakujipanga.

Nakaa New Hope na dada yangu Lynette, ghorofa ya tatu, jengo lisilo na lifti. Kati ya jikoni na mlango wa kioo wa kutokea roshani kuna nafasi ambayo wenye jengo wanaiita chumba cha kulia. Kuiita chumba ni ujasiri. Ni kona yenye zulia, hatua nne kwa tatu, na taa iliyoning'inia chini kiasi kwamba kila mgeni mrefu lazima aipige kichwa mara moja ndipo aanze kuiheshimu. Kona hiyo ilikuwa makao ya gunia la mchele, makoti ya baridi na baiskeli isiyo na gurudumu la mbele. Sisi tulikuwa tunakula kwenye kochi, sahani magotini, macho kwa TV, na hakuna aliyekufa.

Kisha Mama akapata viza.

Mama alikuwa anakuja kutoka Butere, magharibi ya Kenya, kwa wiki sita, na kati ya mambo aliyokuwa anakuja kuyatazama, moja lilikuwa na jina. Jairus. Huyu ndiye mchumba wa Lynette, mtu wa Vihiga, anafanya kazi ya mashine za kupumulia katika hospitali moja kule Saint Paul, na anavaa viatu vinavyolia akitembea, kwi, kwi, kama anakanyaga vifaranga. Harusi yao walishaiwekea tarehe ya Oktoba na kanisa likakubali. Lakini Baba alifariki nikiwa Form Two, kwa hiyo neno la mwisho lilikuwa la Mama, na Mama hakuwa amelitoa. Kila Lynette alipompigia simu kumuuliza, alijibu hivi tu: "Nitampikia kwanza."

Sasa, kama wewe si wa kwetu, nikueleze. Kwetu mkwe na mama mkwe hawali wakitazamana. Hawashikani mikono, hawakai kochi moja, na mama mkwe haonekani akitafuna, labda mkwe awe hana adabu au hana macho. Nyumbani hiyo si shida. Mkwe anaandaliwa nyumba kubwa, Mama yuko jikoni kwake kule nyuma, na katikati yao kuna uwanja, kuku, na kamba ya nguo. Huku uwanja wote ni zulia la hatua nne kwa tatu.

Na jibu la Mama lingekuja kwa njia ya kuku. Firigisi, sisi tunaita imondo, haigawanywi ovyo. Ni ya mwanamume mwenye nyumba, au ya mgeni ambaye umeamua awe mtu wa nyumba. Mama akimpelekea Jairus imondo, Oktoba ipo. Asipompelekea, hakuna kikao wala maelezo. Watu wanashukuru kwa chakula, wanatafuta viatu vyao mlangoni, na kanisa linarudishiwa tarehe yake.

Lynette alijua hivyo, na ndiyo maana wiki tatu kabla Mama hajafika alisimama mbele ya ile baiskeli akiwa bado na sare ya kazi.

"Bravin, nataka meza ambayo Mama na Jairus watakula pamoja bila kula pamoja."

"Hiyo ni meza ama ni kitendawili?"

"Ni kazi yako. Si wewe ndiye unajisifu kanisa nzima?"

"Na Jairus atafanya nini?"

"Jairus ni mkwe. Unataka mkwe apigilie misumari mahali mama mkwe atakaa?"

Hapo ndipo hasira yangu ilianzia. Mtu anaoa dada yangu, anakula chakula cha mama yangu, na nyundo nashika mimi. Siku iliyofuata alipita kutusalimia, akanikuta nateremsha baiskeli kwenye ngazi, imening'inia shingoni mwangu kama mkufu.

"Shem, naona mambo yanasonga."

"Hayasongi, yanabebwa. Shika huku."

"Ningeshika, lakini nina mgongo. Halafu niko na shift."

Akanipiga picha. Ati ya kumbukumbu. Kisha akashuka mbele yangu, kwi, kwi, kwi, ghorofa zote tatu, mikono mifukoni.

Fundi nilimpata Frogtown, mtaa mmoja wa Saint Paul. Papa Birindwa ni Mkongomani wa Bukavu, ana karakana kwenye gereji nyuma ya nyumba yake, hatua chache kutoka University Avenue, na nusu ya vitanda vya Wakongomani wa mji huu vimepitia mikononi mwake. Nilimfikia na vipimo nimeviandika kwenye kiganja. Akanishika mkono akausoma kama mtu anayesoma dawa.

"Ulipima na nini?"

"Na hatua, Papa. Na mikono."

"Mikono ya nani?"

"Yangu."

"Bon. Acha mikono hapa basi, nitengeneze nayo meza."

Kijana wa watu nikacheka, nikidhani ni mzaha. Jumamosi akaja mwenyewe New Hope na mkanda wake wa kupimia, akapiga magoti kwenye zulia, akapima mara mbili, akasimama akafungua mlango wa jokofu letu, akaufunga, akaufungua tena.

"Meza yako ni nzuri sana, bwana mdogo," akasema. "Lakini frigo haitafunguka. Mutakaa mezani vizuri, na chakula itabakia ndani."

Lynette akacheka hadi akashika ukuta. Mimi niliudhika. Unamkaribisha fundi nyumbani kwako, unampa chai, naye anakutoa kasoro mbele ya jokofu lako mwenyewe. Nikamwambia kipimo changu kilikuwa sawa, ni jokofu ndilo lilikuwa na mlango mrefu. Hakubisha. Alipunguza upana wa meza kwa kiganja kizima na kusema viti vya upande mmoja tuvitoe, tuweke benchi ukutani, linaingia chini ya meza watu wakimaliza kula. Nilikuwa karibu kusema hivyo hivyo.

Ndipo nikamfafanulia habari ya pazia.

"Katikati ya meza?" akauliza.

"Katikati kabisa. Mama upande wa roshani, mkwe upande wa mlangoni."

"Na bakuli?"

"Zinapita kwangu. Mimi nakaa hapa benchini kwenye mpaka, nusu huku nusu kule. Pazia litaishia begani kwangu."

Papa Birindwa akaifikiria. "Basi weye njo douane," akasema, "watu wa forodha." Akakunja mkanda wake. "Kila mutu na desturi yake. Miye niko fundi ya mbao."

Meza ilipokuwa tayari niliipandisha mimi, na yeye akashika upande wa chini, mtu wa miaka sitini na kitu. Mkwe alikuwa kazini. Ilikuwa meza ya msonobari, nyembamba, miguu imenyooka, harufu yake ilijaa nyumba nzima kwa siku tatu. Mengine yote ni kazi ya mikono yangu. Mkataba wa nyumba unakataza kutoboa ukuta, kwa hiyo nilinunua fimbo ya pazia ya springi, ile inayojibana yenyewe, nikaibana kati ya ukuta na nguzo ya jikoni. Lynette alitaka pazia la kijivu. Nikamwambia hatumlazi Mama wodini. Nikaenda University Avenue nikachukua kitenge cha bluu chenye ndege wa manjano. Jairus alipotumiwa picha alijibu kwamba ndege ni wengi. Hajui kwamba yeye ndiye atakayekaa akiwahesabu. Taa niliifungia ndoano ikavutwa upande wa Mama, mkwe akabaki kwenye kivuli. Mtu kazi yake ni kutazama chini, mwanga wa nini?

Mwisho nikaongeza kioo. Mtu yeyote anayejua mambo haya atakuambia: mahali padogo pawekee kioo, patakuwa mara mbili. Nilikipata kioo kirefu kama mlango, kilicholala, nikakibandika ukutani juu ya benchi kwa zile gundi zisizohitaji msumari. Nikawasha taa. Ndege wakawa maradufu, meza ikawa ndefu kama ya karamu, na ile kona ya baiskeli ikawa chumba cha kulia kweli, bila matusi. Nilikaa pale peke yangu nikala mkate mkavu kwa furaha.

Mama akafika Jumanne. Alizunguka meza bila haraka, akapitisha kidole kwenye kingo zake, akavuta benchi, akalirudisha.

"Nani ametengeneza?"

"Mimi na Papa Birindwa, Mama."

"Wewe ulifanya nini?"

"Nilipanga."

Mama akacheka kwa pua. Lakini alipogusa pazia alisimama kidogo, akaniambia Baba angelipenda, na hilo lilinitosha kwa wiki nzima.

Kuku wa dukani Mama alimkataa. Alimgeuza kwenye sinia lake la plastiki, akasema huyu ni mgonjwa aliyetolewa kila kitu tumboni. Jumamosi Lynette akaendesha gari saa nzima hadi shamba moja ambako unajichagulia kuku akiwa anatembea. Mama akachagua jogoo. Jogoo mmoja, imondo moja. Usiku huo Lynette alipiga pasi nguo ambayo tayari ilikuwa imenyooka.

Jumapili baada ya kanisa, saa tisa mchana, tukakaa. Mama alisema fundi hawezi kutengeneza meza asiilie, kwa hiyo Papa Birindwa aliitwa, akakaa benchini kando yangu, upande wa mkwe. Jairus kwenye kiti cha mwisho upande wake, tai imemkaba, macho kwenye sahani. Mama kwenye kiti cha mwisho upande wa pili wa pazia. Mimi mpakani. Lynette alikuwa akienda na kurudi jikoni, hana hata kiti alichokikalia kwa zaidi ya dakika moja.

Jairus akaombwa aombe. Aliomba vizuri, sikatai. Akasema amina, akainua kichwa, na akatazama ukutani, kwenye kioo changu. Kwenye kioo, mwanga wote wa taa ukiwa juu yake kwa sababu niliivuta huko, alikuwa Mama, mdomo wazi, anaonja mchuzi.

Mtu mzima alitoa sauti kama breki ya baiskeli. Akageuka upande wa pili, akakutana na kioo cha mlango wa roshani, Mama yuko huko pia. Akachukua kitambaa cha kufutia mikono akajifunika uso mzima.

"Kuna nini?" Mama akauliza nyuma ya pazia.

"Munaonekana, Mama," Papa Birindwa akamjibu kwa upole. "Vraiment. Hata hereni."

Kijiko kikawekwa chini. Kiti kikasogea. Mama akapita upande wa jikoni, akaingia chumbani, mlango ukafungwa.

"Bravin," Lynette akasema. "Kioo."

"Kioo kimeongeza nafasi."

"Kimeongeza nafasi gani? Kimeongeza mama mkwe. Sasa wako watatu."

"Sasa makosa ni ya kioo ama ya anayekitazama? Mkwe anaambiwa atazame chini. Chini ni wapi, ni ukutani?"

"Kitoe."

Nikakitoa. Zile gundi ziliandikwa kwamba zinatoka bila alama, na zilitoka na rangi ya ukuta, mabaka manne makubwa kama chapati. Hayo nayo wenye nyumba wataniuliza mimi. Jairus alijitolea kusubiri kwenye korido, na huko akasubiri, huku Papa Birindwa na mimi tukikibeba kioo hadi bafuni na kukilaza ndani ya beseni la kuogea. Taa nikairudisha katikati. Pazia la mlango wa roshani tukalifunga. Lynette alienda kubisha chumbani, akaongea na mlango kwa kilugha, sauti ya chini, kwa muda mrefu. Nilipomtazama alikuwa ameegemeza paji la uso pale mlangoni. Aliona Oktoba yake ikitoka.

Mama akarudi. Akasema chakula kisipoe kwa ajili ya kioo. Jairus akaitwa, akaingia akitazama vidole vya miguu yake, na hakuinua kichwa tena, naapa. Angepitiwa na tembo asingemjua.

Tukaanza upya. Ugali ukapita kwangu, mboga zikapita kwangu, mapaja ya kuku yakapita kwangu. Kila kitu kilifika. Lynette akaenda jikoni kuongeza maji kwenye jagi. Ndipo mkono wa Mama ukatokea pembeni ya pazia na kibakuli cheupe, kile kidogo cha sukari, na ndani yake, peke yake, ikimetameta kwa mafuta, imondo.

"Peleka upande ule," Mama akasema.

Nikapokea. Na hapa naomba unisikilize kabla hujanihukumu.

Siku tuliyorudi kutoka kumzika Baba, nilikuwa na miaka kumi na tano. Nyumba imejaa wajomba wananijadili kama mimi ni shamba. Jioni Mama alileta chakula, akawapita wajomba wote, akaniwekea imondo mimi. Nikala, na wajomba wakaacha kunijadili. Tangu siku ile, kila kuku aliyechinjwa kwetu, firigisi yake ni yangu. Hata nilipokuja huku, Lynette akinunua zile za pakiti, ananiwekea ya kwanza.

Sasa niambie. Baiskeli ameitoa nani? Meza ameipandisha nani ghorofa tatu? Nani ametafuta ndege wa manjano, nani ana mabaka ya ukuta shingoni mwake? Huyu wa kwi, kwi, hajashika hata bisibisi. Mgongo, ati. Amekuja na tai na mdomo, na zaidi ya hapo amemchungulia mama yangu akila. Na mimi, mwenye nyumba, ndiye nimpelekee imondo yangu kwa mkono wangu mwenyewe, nitabasamu, nimwambie karibu shemeji?

Nikaegemea nyuma ya pazia, Mama asinione. Jairus anatazama chini kwa bidii. Lynette yuko na mfereji unamwagika. Nikaiweka mdomoni. Nilikusudia kuuma nusu, haki ya Mungu, lakini imondo haina nusu. Unaanza nayo na unamaliza nayo. Kibakuli nikakiweka kwenye zulia, chini ya benchi.

Tulimaliza kula. Lynette akaja na beseni na jagi la kunawia mikono, akaanza na Jairus. Alipokuwa anammiminia maji, niliona macho yake yakitembea kwenye sahani ya Jairus. Mifupa ya paja. Mfupa wa bawa. Ugali kidogo. Akatazama meza upande wote ule, akatazama tena. Maji yakaendelea kumwagika juu ya mikono ambayo ilishaoshwa.

Jairus naye alikuwa ameshahesabu. Alijifuta vidole kimoja kimoja.

"Lynette," akasema, "chakula kilikuwa kizuri sana. Mwambie Mama nashukuru kwa chakula."

Kwa chakula. Hayo ndiyo maneno yenyewe. Nyuma ya pazia Mama naye alikuwa anasubiri maneno mengine. Mtu aliyeletewa imondo hashukuru kwa chakula kama abiria wa ndege. Anasimama, anashukuru kwa imondo, anaomba mji ubarikiwe. Tukamsikia Mama akipanga vijiko.

"Kwetu," akasema hatimaye, kwa sauti ya baridi, "mtu akipewa kitu hushukuru. Ama siku hizi Vihiga hawafundishi?"

Jairus akaitazama tena sahani yake. Mtu hajapewa kitu, na anaulizwa mbona hashukuru. Alisimama taratibu, akarudisha kiti chake chini ya meza. Nilitegemea angekasirika, nami nilikuwa tayari kukasirika naye. Hakukasirika. Uso wake ulikuwa umevunjika tu, kama wa mtoto aliyeachwa nje ya lango la shule.

"Nimeelewa," akasema. "Hakuna shida. Nilijua kile kioo kimeniharibia." Akaenda mlangoni kutafuta viatu vyake.

Lynette hakumfuata. Alisimama pale na jagi, maji yanadondoka kwenye zulia, halafu akanigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mpakani.

"Bravin. Mama hakukupa kitu upitishe?"

Hapo ndipo ningesema. Najua. Lakini mtu akishachokozwa tangu asubuhi, anaulizwa kioo, anaulizwa rangi ya ukuta, anaulizwa tena kama mwizi mbele ya wageni, anafanya nini? Nilisimama.

"Mimi ni tarishi wa hii nyumba, sasa?" nikasema. "Nimepanga, nimebeba, nimepigwa na taa, nimetoa kioo, na bado naulizwa. Kila nilichopewa kimefika. Kama Mama hajampa, hajampa. Mwanamume akikataliwa anavaa viatu vyake anaenda, si lazima atafutiwe wa kulaumiwa. Na kama kuna mtu wa kulaumiwa ni yule aliyeshindwa kutazama chini kwa dakika kumi."

Nilisema vizuri. Hata mimi niliamini. Jairus alikuwa ameinama mlangoni, kiatu kimoja mguuni.

Papa Birindwa alikuwa bado benchini, anafuta kona ya meza yake kwa kiganja. Yeye si wa kwetu, hakujua habari ya imondo wala ya Oktoba. Alichosikia yeye ni kwamba mama wa watu analalamika hakushukuriwa, na kijana wa watu anasemwa vibaya. Akataka kunisaidia.

"Pardon, Mama," akaliambia pazia, mkono wake begani kwangu. "Musimukasirikie huyu kijana. Alifurahi sana. Kale kanyama mulimutumia mu kabakuli keupe, miye nilimuona na macho yangu, alikatia mu kinywa mara moja, akafunga macho kama mutu anaomba."

Lynette akaweka jagi mezani. Jairus, na kiatu cha pili mkononi, akainua kichwa.

Papa Birindwa akainama chini ya benchi, akakiokota kibakuli, akakiweka katikati ya meza, palepale pazia linapopita. Kisha akanitazama, uso wake umeanza kuingiwa na wasiwasi.

"Ama kalikuwa ka mutu mwingine?"